Somo la Afya: Saratani Huzima Nduru ya Mwili



Somo hili nilipaswa kuliandika mapema zaidi. Mwaka juzi nilikuwa katika mkutano wa kikundi kimoja cha akina mama, tumekaa chini ya mwembe tukipitia hesabu za mbuzi wa maziwa. Akatokea kijana mmoja nadhifu na begi lake, akaomba dakika tano tu. Alikuwa anauza unga wa kopo. Akasema unaongeza kinga ya mwili, na ati mtu mwenye kinga ya kutosha hawezi kushikwa na saratani, na kama tayari anayo itayeyuka yenyewe.

Mweka hazina wa kikundi alikuwa na uvimbe kwenye titi. Ulikuwa mdogo kama punje ya mahindi, hauumi, na alikuwa amewaambia wenzake wawili tu. Siku hiyo kikundi kilimpa zamu yake ya mzunguko kabla ya wakati ili anunue makopo matatu. Mimi nilikuwepo, kalamu mkononi. Sikusema neno, kwa sababu kusema kweli sikujua niseme nini. Kinga ya mwili si ni kitu kizuri? Alipofika hospitali miezi minane baadaye, ule uvimbe ulikuwa umepasua ngozi. Tulimzika kabla ya Krismasi.

Tangu hapo nimewauliza madaktari na masista wauguzi, na nimesoma nilichoweza kusoma. Haya ndiyo niliyoelewa. Katibu asome polepole, na mkifika mahali pagumu simameni mzungumze kwanza.

NDURU YA USIKU

Mwizi akiingia katika boma usiku, mwenye boma hapigani naye peke yake. Anapiga nduru. Jirani anasikia, naye anapiga, na ng'ambo ya mto wanapokea. Kabla mwizi hajafungua kamba ya ng'ombe, watu wamefika na marungu na tochi. Bila nduru, hata kama kijiji kina vijana mia moja wenye nguvu, wote watakuwa wamelala.

Mwili unafanya vivyo hivyo. Walinzi wake ni chembechembe nyeupe za damu. Hazina macho wala simu. Zinajulishana kwa vitu vidogo sana vya protini ambavyo chembe moja inatoa na nyingine inapokea. Wataalamu huviita sitokini. Katika somo hili nitaviita wajumbe. Tafadhali msichanganye na protini ya maharagwe na mayai. Ile ya sahani ni kama matofali: mwili unaivunja, kisha unajenga protini zake wenyewe za kila namna, na wajumbe hawa ni baadhi yake.

Mjumbe mmoja anaitwa interferoni. Alitambuliwa mwaka wa 1957 huko London na Alick Isaacs na Jean Lindenmann. Waliona kwamba chembe iliyovamiwa na virusi inatoa kitu cha kuwaonya majirani wafunge milango. Wengine wanaitwa interlukini, nao ni wengi mpaka wamepewa namba kama matatu za Nairobi. Interlukini ya 2 inawaambia walinzi waongezeke. Ya 1 na ya 6 huleta homa. Ya 10 inasema, "Basi, tulieni, kazi imekwisha." Huyu wa mwisho pia tunamhitaji sana. Kijiji kinachopiga nduru usiku kucha bila kunyamaza hatimaye kitapiga hata wapita njia.

Akina mama wanajua habari hii tayari, ila tu hawakuambiwa jina lake. Ukitoka kliniki na mtoto aliyechanjwa, usiku mwili wake unapata joto na analia. Kwa kawaida hiyo si dalili kwamba sindano ilimletea ugonjwa. Ni nduru imesikika. Na jipu je? Linavimba, linakuwa jekundu, linapiga kama moyo mpaka usingizi unakataa. Sehemu kubwa ya maumivu hayo inaletwa na wajumbe wetu wenyewe waliojaa pale, wanaita damu na walinzi. Kumbukeni hilo jipu, tutalirudia.

MWIZI WA NYUMBANI

Sasa saratani. Huyu si mwizi kutoka mbali. Ni mtoto wa boma lile lile. Ni chembe ya mwili wako mwenyewe iliyoharibika ndani, ikaacha kutii, ikawa inazaana bila ruhusa. Hapo ndipo shida inapoanza, maana mbwa wa nyumbani hambwekei mtoto wa nyumbani.

Hata hivyo walinzi si wajinga. Chembe iliyoharibika hubadilika sura kidogo, na wataalamu wanaamini kwamba nyingi humalizwa mapema bila sisi kujua. Ushahidi upo. Watu waliobadilishiwa figo wanapewa dawa za kutuliza walinzi ili figo ya mwenzao isishambuliwe, na watu hao hupata baadhi ya saratani kuliko wengine. Ndivyo ilivyo pia kwa mwenye virusi vya UKIMWI asiyetumia dawa.

Lakini zile chembe zinazoponyoka ndizo zenye ujanja, na ujanja wao mkubwa ni juu ya wajumbe. Kwanza zinatoa wenyewe ule ujumbe wa "tulieni": interlukini ya 10, na mwingine anayeitwa TGF-beta. Ni kama kijana anayevunja ghala la babake, majirani wanafika, naye anatoka mlangoni akicheka, "Rudini mkalale, ni mambo ya nyumbani." Wanarudi.

Pili, zinamshika mlinzi mkono. Juu ya chembe nyeupe kuna protini ambayo ni kama swichi ya kumzima mlinzi, inaitwa PD-1. Iligunduliwa Japani na Tasuku Honjo na wenzake, wakatangaza habari yake mwaka wa 1992. Saratani nyingi hujivika protini ya kubonyeza swichi hiyo. Mlinzi amefika mlangoni, rungu mkononi, akaguswa akalegea. La kushangaza zaidi ni kwamba mara nyingi ile nduru yenyewe, interferoni ya aina ya gama, ndiyo inayoifanya saratani ijivike hivyo. Inasikia walinzi wanakuja, inafunga mlango. Kwa hiyo kelele kubwa zaidi si lazima ilete msaada. Tafadhali someni sentensi hiyo mara mbili, kwa sababu ndiyo ningemjibu yule kijana wa unga.

Kuna na hongo. Baadhi ya chembe nyeupe zikifika kwenye uvimbe zinageuzwa kuwa watumishi wake, zinasaidia kuita mishipa mipya ya damu ili uvimbe ulishwe. Na virusi vinavyoleta saratani ya ngozi iitwayo Kaposi vimebeba nakala yao wenyewe ya interlukini ya 6, sawa na mtu aliyeiba muhuri wa chifu na kujiandikia barua.

Sasa turudi kwenye jipu. Jipu linauma kwa sababu wajumbe wanapiga kelele. Uvimbe wa saratani ya titi mara nyingi hauumi mwanzoni. Sisi tumezoea kupima ugonjwa kwa maumivu. "Hauniumi, acha nivune kwanza." Ule uvimbe wa mweka hazina wetu haukumuuma hata siku moja kwa miezi ile ya kwanza, na kwa sababu haukuuma alisema ule unga unafanya kazi. Mkiwa na uvimbe usiouma, fanyeni haraka kama ule unaouma, au zaidi.

KUKONDA SI KOSA LA ANAYEPIKA

Hapa nitakaa kidogo, kwa maana nimeona nyumba zikivunjika.

Mgonjwa wa saratani hukonda. Chakula kinapikwa, anaonja vijiko viwili, anasukuma sahani. Mama mkwe anaanza kusema kwamba huyu mke hamlishi mwanangu. Wengine wanataja uchawi. Nimeshakaa katika kikao cha ukoo ambapo bibi wa mgonjwa aliulizwa nyama ya mbuzi ilienda wapi.

Mwaka wa 1975 watafiti wa New York walieleza juu ya mjumbe mmoja aliyeweza kuua uvimbe katika panya. Wakamwita TNF. Wakati huo wengine walikuwa wanatafuta kitu kinachofanya wanyama wagonjwa wakonde mpaka mifupa. Mwaka wa 1985 ikaonekana walikuwa wanashika mkia na kichwa cha mnyama mmoja. Mjumbe anayeweza kupigana na uvimbe ndiye huyo huyo ambaye, akikaa katika damu muda mrefu pamoja na wenzake kama interlukini ya 1 na ya 6, anafunga hamu ya chakula na kuvunja misuli na mafuta ya mwili. Nduru haizimi, na watu wa kijiji hawalimi tena shamba.

Kwa hiyo kumlazimisha mgonjwa amalize sahani hakusaidii, kunamletea kutapika na aibu. Mpe kidogo kidogo mara nyingi: uji wenye maziwa, yai, ndizi iliyopondwa, chochote ambacho roho yake inataka saa hiyo. Mwelezeni daktari juu ya kukonda. Na muacheni anayepika apumue.

WALIOJARIBU KUIPIGA NDURU

Mwaka wa 1891 daktari mpasuaji wa New York, William Coley, alifanya jambo ambalo leo lingemfikisha mahakamani. Alikuwa amesikia juu ya mgonjwa ambaye uvimbe wake uliyeyuka baada ya kushikwa na ugonjwa mkali wa ngozi unaoletwa na bakteria. Basi akamdunga mgonjwa wa saratani bakteria hao kwa makusudi. Homa ikapanda sana, uvimbe ukapungua, na mtu yule akaishi miaka. Wengine aliowadunga walikufa kwa homa hiyo. Baadaye akatumia bakteria waliouawa. Hakuna aliyejua kwa nini ilifaulu kwa huyu na kushindwa kwa yule, maana wajumbe walikuwa hawajajulikana.

Dawa moja ya namna hiyo imedumu, nayo mnaijua. Ni ile chanjo ya kifua kikuu, BCG, inayoacha kovu dogo kwenye mkono wa kushoto wa watoto wetu. Mwaka wa 1976 daktari Alvaro Morales wa Kanada alieleza jinsi alivyoiweka ndani ya kibofu cha mkojo cha watu wenye saratani ya kibofu iliyokuwa bado haijazama. Wajumbe wakajaa pale pale kwenye kibofu, walinzi wakaja. Inatumika mpaka leo. Nduru ilipigwa kwenye mlango wa mwizi, si kijiji kizima.

Interlukini ya 2 ikatengenezwa kuwa dawa, ikakubaliwa Marekani mwaka wa 1992 kwa saratani ya figo iliyosambaa. Wagonjwa wachache walikaa miaka mingi bila ugonjwa kurudi. Wengi haikuwasaidia. Na kila aliyepewa kiasi kikubwa aliangaliwa kwa makini hospitalini, kwa kuwa presha inashuka na maji ya damu yanavuja mpaka mapafuni. Hivyo ndivyo kinga ilivyo ikiongezwa kweli kweli.

Njia mpya ni tofauti. Badala ya kupiga kelele zaidi, dawa inaziba ile swichi ili mlinzi asizimwe. Honjo na James Allison wa Marekani walipewa tuzo ya Nobel mwaka wa 2018 kwa kazi hiyo. Watu waliokuwa wamekatiwa tamaa wameishi miaka. Sitaki kuwadanganya, ni ghali kupita uwezo wa familia nyingi, hazifai kila saratani, na wakati mwingine walinzi walioachiliwa wanashambulia utumbo au mapafu ya mwenye mwili. Lakini mjue zipo, msije mkauziwa bandia kwa jina lake.

Hata hapa kwetu tuna historia na wajumbe hawa. Wazee watakumbuka Kemron, dawa iliyotangazwa mwaka wa 1990 kwa shangwe kuwa ni tiba ya UKIMWI. Ilikuwa ni interferoni kidogo sana, iliyoyeyushwa mdomoni. Mjumbe alikuwa wa kweli. Ila majaribio yaliyofuata, yakiwemo ya Uganda, hayakuona faida iliyotangazwa. Watu waliuza mashamba. Mjumbe wa kweli akipelekwa vibaya, hafikishi ujumbe.

SASA YULE KIJANA WA UNGA

Kinga si maji ya tangi, kwamba ikipungua unajaza. Ni mazungumzo: huyu anaita, yule anaitikia, mwingine anatuliza. Anayekwambia "inaongeza kinga", muulize: inaongeza mjumbe gani, na inampeleka wapi? Kama unga huo ungewaamsha wajumbe wote kwa nguvu, ungelala kitandani na homa kali kama wagonjwa wale wa interlukini. Kama unaunywa miezi miwili na huhisi lolote ila choo laini, basi ni uji wa bei mbaya. Tena baadhi ya unga na mizizi hugongana na dawa za hospitali na kuumiza ini. Mgonjwa akitumia kitu kama hicho asimfiche daktari.

YALE YALIYO MIKONONI MWETU

Nianze na dawa za UKIMWI. Mnazijua CD4, zile zinazohesabiwa kliniki. Hizo ni chembe zinazopokea habari na kutuma wajumbe kwa walinzi wengine. Virusi vya UKIMWI huua hao hao wapiga nduru. Ndiyo maana mwanamke mwenye virusi ana hatari ya saratani ya mlango wa kizazi mara 6 kuliko asiye navyo. Akimeza dawa kila siku, wapiga nduru wanarudi. Kaposi mara nyingine hufifia kwa dawa hizo tu. Kama kuna kitu kinachostahili kuitwa cha kuongeza kinga, ni hicho, nacho kinatolewa bure.

Saratani hiyo ya mlango wa kizazi inaletwa na virusi vya HPV. Vinaingia kimya kimya, havileti homa, na vinajua kumnyamazisha interferoni. Kwa wanawake wengi walinzi huvigundua baadaye na kuvifagia ndani ya miaka miwili hivi. Vikibaki, saratani huchukua miaka 15 mpaka 20 kutokea, ila kwa mwenye UKIMWI asiyetibiwa inaweza kuwa miaka 5 mpaka 10 tu. Hiyo miaka ndiyo nafasi yetu. Nesi anaweza kupaka siki mahali hapo na kuona doa jeupe, au kipimo cha HPV kikafanywa, na doa likatibiwa kabla halijawa saratani. Shirika la Afya Duniani linashauri kuanza kupimwa ukiwa na miaka 30, na miaka 25 kwa mwenye virusi vya UKIMWI. Wanaume, msikae nyuma kwa habari hii. Nauli ya kliniki mara nyingi iko mfukoni mwenu.

Chanjo ya HPV ilianza kutolewa kwa wasichana wa Kenya mwezi wa Oktoba 2019, wakiwa na miaka 10. Nafahamu maneno yaliyosemwa, hata kwenye uwanja wa kanisa baada ya Misa. Nilisikiliza, nikauliza, na binti yangu amechanjwa. Chanjo inawaonyesha walinzi sura ya mwizi kabla hajaja, basi. Haimfundishi msichana tabia yoyote.

Kwa titi, jishike mwenyewe, ujue lilivyo kawaida, na ukiona badiliko (uvimbe, ngozi kujikunja, chuchu kuingia ndani, damu) uende hospitali wiki hiyo hiyo. Na kila mwanakikundi ajiandikishe na SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwaka wa 2024, akiwa bado mzima.

Vikundi vingi vina mfuko wa mazishi. Kile kikundi cha mwembe sasa kina mfuko mdogo wa nauli ya kupimwa, waliouanzisha wiki ya matanga. Mpaka mwezi uliopita wanawake kumi na mmoja walikuwa wamekwenda. Mmoja alikutwa na doa, likatibiwa siku hiyo, akarudi nyumbani na gari la jioni.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KIKUNDINI

1. Mara ya mwisho mmoja wetu alipoona uvimbe usiouma, alifanya nini? Alimwambia nani kwanza?

2. Ni nani anaruhusiwa kuuza dawa katika mkutano wetu? Tuliamua lini?

3. Nauli ya kwenda na kurudi hospitali inayopima saratani kutoka hapa ni shilingi ngapi? Mweka hazina aandike jibu kitabuni.